Zamu Yangu ya Maji

Jumapili ya mavuno, huku Mwika juu,
nilitoa mkungu mmoja wa mshare.
Ulinadiwa. Mzee wa kanisa aliuinua begani,
elfu kumi na mbili mara ya kwanza, mara ya pili,
ukachukuliwa na mwalimu mgeni wa sekondari
ambaye hata kuumenya hakujua.
Mchungaji akainamisha kichwa, akamshukuru Bwana
kwa mkungu ule.

Sikusema kitu. Lakini njiani,
viatu mkononi kwa ajili ya tope,
kiburi changu kidogo kikaniuliza:
Na samadi je? Nani aliibeba kwa karai
kutoka zizini, alfajiri, mgongo ukilia?
Nani aliuwekea mgomba nguzo ulipolemewa?

Nikakijibu: Nyamaza.
Kikanyamaza, kwa kununa.

Mvua ya Mei ilikuwa imebomoa mfongo,
mfereji wetu wa kale, pale juu ya korongo.
Si wote. Kipande tu, urefu wa ng'ombe watatu waliolala.
Hatukujali; Mei maji yalikuwa kila mahali.
Agosti ndipo tulipokumbuka,
kahawa ilipoanza kukunja majani
na maji kule juu yakimwagika bondeni bila kazi
kama mshahara wa mlevi.

Wiki tatu tuliomba. Tuliomba vizuri,
kwa machozi, kwa sauti zote nne za kwaya.

Wiki ya nne, Jumatatu, Ndeanasia,
mjane wa kaya ya mwisho mferejini,
ambaye kwaya ilimkataa kwa sauti yake ya kinu,
alipita kihamba kwa kihamba akiburuta mtaimbo.
"Mimi nimemaliza kuomba," alisema.
"Sasa napanda kusikiliza jibu.
Nani ana sururu?"

Tulipanda watu kumi na mmoja.
Tulipanga mawe, tukaziba kwa udongo mwekundu
na maganda ya mgomba, jinsi babu zetu walivyoziba.
Siku mbili. Ukucha wangu mmoja uko huko hadi leo.

Na pale, juu ya jiwe lenye ukoka,
nilimkumbuka kaka yangu Eliasafi,
aliyeteleza papo hapo akiwa na jembe,
mwaka bei ya kahawa ilipoanguka.
Aliomba kabla ya kupanda. Nilimsikia.
Na alikuwa mwangalifu kuliko mimi.
Kwa hiyo usiniletee ile hesabu:
nusu yangu, nusu Yake, jumla baraka.
Nimeipiga juu ya kaburi, miaka mingi.
Haitoki.

Ninachokijua ni kidogo.

Tulipong'oa gogo la mwisho
maji yalisita kwanza, kama mtoto mgeni mlangoni,
yakaunusa udongo mpya,
kisha yakaja.
Hakuna aliyeyavuta. Hakuna aliyeyasukuma.
Nimechimba maisha yangu yote
na sijawahi kuyafundisha maji kushuka.
Mteremko niliukuta.
Na mteremko, tangu dunia iumbwe,
haujachimba mfereji hata mmoja.

Zamu yangu ilikuwa saa nane usiku.
Tochi kwenye meno, nikachomoa kizibo cha tope.
Mlima ulikuwa umejifunika; sikuuona,
wala sikuwa na haja ya kuuona.
Maji yakaingia kihambani, shina hadi shina,
nikiyaelekeza kwa jembe: huku. Sasa huku. Polepole.
Nikagundua kwamba nilikuwa nikisema kwa sauti,
na kwamba sikuwa nikisema na maji.

Sikuomba kitu. Sikumbuki hata kushukuru.
Tulikuwa kazini tu,
na mmoja wetu hakuwa na jembe.

Saa kumi zamu ilikuwa ya Ndeanasia,
na ukichelewa hata dakika mbili
mama yule hugonga mtaimbo kwenye jiwe.

Aligonga.